Ndege Waliopishana kwa Upana wa Kidole

Tumemzika Damari wiki iliyopita, kule upande wa Mvumi, na mimi nilikula wali wa msiba sahani mbili, nisiwadanganye. Watu wananiangalia, bibi mzima analia huku anatafuna. Tumbo langu halijawahi kunisaidia kwenye huzuni, linaendelea na kazi yake tu. Nilikaa mkekani na wanawake wa umri wangu, tuliobaki ni wachache, meno yetu ukiyakusanya labda yanatosha mdomo wa mtu mmoja, tukamsema marehemu mazuri na mabaya, maana Damari alikuwa na mdomo mpaka mchungaji alikuwa akimwona anapita njia ya nyuma. Nikacheka sana. Wakati wa kurudi huku Miyuji, nimekaa kwenye gari la mwanangu naangalia vumbi, ndipo jambo lilipokuja na kunikalia kifuani: Damari ndiye alikuwa mtu wa mwisho anayejua. Tulikuwa tunalibeba wawili, mwenzangu ameshuka njiani, limebaki kwangu lote. Sasa mimi siwezi kufa na kitu hiki ndani kama mtu aliyemeza kifungo. Nataka kueleza jinsi macho ya shangazi yangu Perisi yalivyokwenda, mwaka ule niliokaa kwake, na mkono wangu uliokuwemo.

Nilikuwa na miaka kumi na nane, au kumi na tisa, mambo ya kushika tarehe tuliwaachia wenye shule, mimi niliishia darasa la nne. Nilipelekwa kwa shangazi niwe macho yake. Ndivyo walivyosema nyumbani, "Sechelela, nenda ukamsaidie shangazi yako kuona," kama unavyomwambia mtu akasaidie kuchota maji. Nyumba yake ilikuwa tembe ya zamani, udongo chini, udongo ukutani, udongo mpaka juu ya paa, na hata jua likiwaka namna gani ndani palikuwa na giza la baridi. Ukiingia lazima usimame kwanza ndipo uone chungu kiko wapi. Yeye hakuwa anasimama. Anapita moja kwa moja, anachukua mwiko, anachukua chumvi, anakaa, mimi nimeng'ang'ania mlangoni kama mgeni. Tulikula ugali wa uwele na mlenda karibu kila siku, na karanga akipata, na alikuwa anaongea mpaka tonge linapoa mkononi. Watu wanasema maneno haya mengi niliyo nayo nimerithi kwake. Kama ni hivyo, basi ni hayo tu niliyorithi.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kushonea nyuma ya kanisa. Nikifumba macho nakiona chote. Madirisha mawili makubwa hayana vioo, meza ndefu iliyotengenezwa kwa mlango uliong'olewa mahali, bawaba bado ziko, na cherehani mbili. Moja ilikuwa ya Damari. Si kwamba aliinunua, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kukalia kile kiti. Wanawake walishona sare za shule, mashuka, vitambaa vya meza, lakini shangazi alikuwa fundi wa kitu kimoja ambacho wengine walikuwa wanakigusa tu pembeni, blanketi la vioo. Kabla yangu alipita pale mama mmoja mzungu akawafundisha, akaondoka, akawaachia vipande viwili vya kioo vilivyounganishwa kwa plasta, vinafunguka kama kitabu. Unavisimamisha juu ya kitenge, unachungulia katikati. Pale chini kuna nusu ya jani na mkia wa ndege, basi, lakini ndani ya kioo unaona duara zima, majani yamezunguka, mikia imezunguka, limekuwa ua ambalo hata aliyechora kitenge kiwandani hajawahi kuliota. Ukisogeza kidogo, lile limekufa, limezaliwa lingine. Siku ya kwanza nilichungulia mpaka Damari akaniuliza kama nimeona mchumba humo ndani, nisogee na yeye amsalimie.

Ua la kwenye kioo halina gharama. Kulishona ndiyo shughuli. Unakata pembetatu sita, na zote sita lazima zitoke mahali pale pale pa mchoro, kama hii imekata mkia wa ndege na hii imekata mkia ule ule, pale pale. Kwa hiyo unatandika kitenge tabaka juu ya tabaka, ndege juu ya ndege, unachoma pini kwenye jicho la ndege wa juu, na ikitokea chini lazima iwe imepita kwenye jicho la kila mmoja. Halafu unaweka kipimo cha bati, unakata zote pamoja. Ukiziunga ncha kwa ncha, ndege anapotea, linatoka ua. Maua hayo ukiyaunganisha thelathini au arobaini, ukatia blanketi kuukuu ndani na kitambaa cha nyuma, ndiyo unapata kitu cha kutandika kitandani ambacho mtu akiingia chumbani anasahau alichofuata.

Na shangazi alikuwa anasema kazi yote iko dukani. Ukikosea kuchagua, hakuna mkono utakaokuokoa. Alinifundisha akiwa ameshika vidole vyangu kimoja kimoja, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuongea na vidole kuliko na macho. Khanga usiguse, khanga ina pindo na mji, mchoro wa katikati uko mmoja, wa pili utautoa wapi? Cha nukta nukta usichukue, utakata nukta utaunga nukta, utakuwa umecheza. Chenye ua zuri lililokwisha kamilika pia acha, hilo limeridhika, halina hamu ya kuwa kitu kingine. Tafuta mchoro uliopinda, wenye mistari myeusi inayokatiza, wenye kitu na nafasi yake, ndege na anga. Pima kwa shibiri kutoka jicho la ndege huyu mpaka jicho la mwenzake. Wakiwa mbali mbali kitenge kitakwisha hujafika popote. Geuza nyuma uone kama rangi imepita. "Na la mwisho," akasema, amenishika kidole gumba, "jora moja. Kiwanda ni kile kile, ndege ni wale wale, lakini jora likibadilika, kitambaa walikivuta vingine, ndege wamehama. Wewe utaona ni wale wale. Pini itakuambia."

"Na kama jora moja halitoshi, shangazi?"

"Basi unaniambia. Ua hili linakula jora hili, ua lile linakula jora lile, hayachanganyiki, hakuna aliyeumia. Shida si majora mawili. Shida ni kutojua kuwa ni mawili."

Nakumbuka neno kwa neno. Hata leo akina mama wa kwaya hapa Miyuji wakitaka sare wananichukua mimi, wanasema bibi ana jicho. Naingia dukani nageuza vitenge, naweka jicho juu ya jicho, wenye duka wananicheka, na mimi nacheka nao. Hawajui ninachokitafuta.

Ugonjwa wake ulikuwa vikope. Wenyeji wa huku mnaujua, ulikuwa umejaa kila nyumba, vumbi na moshi na nzi na maji ya shida. Kope zinageuka, zinaota kuelekea ndani, kila mtu akipepesa zinamkwangua mboni. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, tulikaa mlangoni kwenye jua, yeye ameweka kichwa mapajani kwangu kama mtoto anayetolewa chawa, na mimi na kibano na majivu kidogo kwenye vidole ili kope isiteleze.

"Ziko ngapi leo?"

"Saba."

"Jana zilikuwa tano. Zinazaana hizi."

"Tulia, shangazi."

"Nimetulia, wewe ndiye unatetemeka. Ng'oa, si unang'oa karanga."

Machozi yanamtoka na anaendelea kunisimulia habari za mwanamke fulani aliyemkimbia mume akarudi kufuata sufuria. Nikimaliza anafumbua macho, mekundu kama nyama, anaangalia juu, anasema, "Haya, leo naona mbingu." Siku nyingine alikuwa anasema, "Leo naona nusu." Hakuna mtu aliyewahi kuniamini hivyo, kuniachia jicho lake wazi na chuma mkononi mwangu. Sijui kama kuna mwingine amewahi tena.

Kisha akaja mhudumu wa zahanati kuandika majina. Gari la macho litakuja kijiji cha jirani, Alhamisi na Ijumaa ya mwezi unaofuata, siku mbili basi. Daktari anachana ukope kidogo, anaugeuza utazame nje, anashona. Akamtazama shangazi kwa tochi akamwambia, "Mama, mboni zimekwaruzwa lakini bado ziko. Ukiwahi, utashona mpaka uchoke mwenyewe." Jina lake likaandikwa la tatu. Siku ile alirudi nyumbani akachinja kuku, tukala wawili, firigisi akanipa mimi. Alikuwa anaogopa kisu, hilo sikatai. Alinigusa gusa uso jioni ile akaniuliza kama wanachoma sindano kwanza. Lakini alikuwa anakwenda. Watu wakitaka kunifariji watasema alikuwa na woga wake, asingekwenda vile vile. Wasinifariji kwa hilo. Mimi nilikula firigisi.

Katikati ya hapo ikaja kazi. Mama mmoja wa mjini, mume wake mkubwa ofisini, aliona blanketi la shangazi kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, akataka kama lile kwa kitanda cha binti yake anayeolewa. Anataka ndege. Atapita mwenyewe kulichukua Jumamosi, ile ile ya wiki ya gari la macho. Shangazi akahesabu siku kwa vidole akasema zinatosha, tutamaliza Jumatano, Alhamisi asubuhi tunaondoka mimi na yeye. Akanituma mjini kuchagua kitenge. Peke yangu, mara ya kwanza. Akanifungia andazi kwenye kitambaa na akaniambia mambo yale yote tena mpaka dereva wa lori akapiga honi.

Enzi zile vitenge vilikuwa vya kuvizia. Kikishuka dukani watu wameshajaa mlangoni. Nami siku ile nilikuwa na bahati kama nimezaliwa nayo, nafika, jora la ndege ndilo linafunguliwa. Bluu ya usiku, ndege wa rangi ya machungwa amegeuza shingo, mkia mrefu, mistari myeusi inakatiza, na jicho lake nukta nyeupe kama limewekwa kwa ajili ya pini. Nikapima, shibiri moja na vidole viwili. Nikageuza nyuma, imepita. Nikamwambia mwenye duka nataka pisi tatu, aniwekee, nakuja sasa hivi. Na jirani na duka lile palikuwa na studio ya picha.

Nilikuwa sijawahi kupigwa picha. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu nyingine kubwa. Msichana amepewa kazi ya mtu mzima, amechagua vizuri, anajiona, akataka kujiona kweli. Kulikuwa na foleni, mpiga picha anabembeleza mtoto asilie, anabadilisha pazia la nyuma, mara la maua mara la ngazi. Nikakaa. Nikapigwa na ngazi. Niliporudi dukani jora lile limekatwa, limebaki pisi moja na nusu.

"Sikujua unarudi, dada," mwenye duka akasema. "Lakini usihofu." Akainama chini ya meza, akatoa jora lingine. "Ndege wale wale. Tazama."

Walikuwa wale wale. Nikaviweka jicho juu ya jicho, kama nilivyofundishwa. Ndege wa kwanza akakaa. Wa pili akachungulia pembeni. Wa tatu alikuwa ameshapishana na mwenzake kwa upana wa kidole. Niliona. Yule mwenye duka naye aliona kuwa nimeona, akacheka, akasema, "Nani atakwenda na rula kitandani, dada yangu?"

Na mimi sikuwaza kitanda. Nilisimama pale na vile vitenge viwili mkononi, nikawaza kitu kimoja. Niliwaza: shangazi haoni. Tena kosa halikuwa hata kununua. Ningechukua vyote viwili nikafika nikasema, "Shangazi, ni majora mawili," angesema haya, kila ua na jora lake. Lakini angeuliza, kwa nini mawili, duka halikuwa na jora zima? Na mimi ningesema nilikuwa studio. Aibu ya kitu kidogo hivyo. Nikamwambia mwenye duka akunje pamoja.

Nilimkuta ameniwekea chakula, mlenda wa karanga umefunikwa. Hakuniacha nile. Alikichukua kitenge akakinusa ile harufu ya kiwanda, akakisugua kwa dole gumba, akauma ukingo kidogo kwa meno, akakiweka shavuni. "Ndege gani?" Nikamweleza shingo na mkia. Akatabasamu. "Jicho?"

"Nukta nyeupe."

"Jora moja?"

"Jora moja."

"Umechagua, mwanangu," akasema. "Kula sasa."

Kukata nilikata mimi, yeye amekaa pembeni ameshika mkasi wa akiba. Tabaka la kwanza la jora la kwanza, sawa. Tulipofika pale yanapochanganyika, pini ilikuwa inaingia kwenye jicho juu na kutokea chini kwenye shingo. Nikawa navuta kitambaa. Kitenge ukikivuta kinakubali, kinanyooka, jicho linafika kwenye pini. Nikachoma haraka kabla halijarudi. "Mbona unapumua kama unabeba mawe?" akauliza. Nikasema joto. Nilivuta yale matabaka siku tatu, na kila nikiondoa pini kitambaa kinarudi pole pole mahali pake, kama mtu uliyemshika kwa nguvu ukamwachia.

Jumatano asubuhi tukayatandaza maua kwenye mkeka nje ya chumba, kuyapanga. Wanawake wakatoka kuangalia. Yale ya jora moja yalikuwa yanazunguka, yanakuvuta ndani, mtu mmoja akasema, "Mama yangu!" Yale mengine yalikuwa kama sura ya mtu aliyepigwa. Mkia huu mrefu, huu mfupi, katikati ncha sita hazikukutana, pamebaki kama kovu. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu ya shangazi. Ila Damari ni Damari.

"Haya maua yamelewa," akasema.

"Yamelewaje?" shangazi akauliza.

"Yamelewa, Perisi. Haya hapa yamesimama, haya yanatafuta ukuta."

Shangazi akapiga magoti. Akayapitia kwa vidole, moja moja, akafika kwenye moja lililolewa, kidole kikapita kwenye mshono, kikasimama. Kitambaa kilikuwa kimejikunja mle ndani. Akasema aletewe mabaki. Akamwambia Damari aweke jicho juu ya jicho aangalie. Damari akaweka. Akaangalia ndege, akaangalia tena, akainua uso akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika mfuko wa pini. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Kiwanda kimekosea," Damari akasema. "Katikati ya jora ndege wamehama."

"Sijawahi kusikia," shangazi akasema.

"Basi leo umesikia."

Shangazi aliweka mikono yote miwili juu ya yale maua. Halafu akasema yafumuliwe yote mabaya, yapangwe upya, yeye mwenyewe atakaa nayo, kwa sababu jina ni lake na kitanda ni cha bibi harusi. Damari akamkumbusha, Perisi, kesho gari la macho. Yeye akasema, "Gari litarudi. Huyu mama akiona maua yamelewa, hakuna atakayerudi hapa kuagiza kitu." Damari akasema tutafumua sisi. Akasema hapana, nyie mtaharibu vitambaa, na kitambaa kingine hakuna. Ilikuwa kweli hakuna.

Alhamisi asubuhi nilimtoa kope tisa. Kichwa chake mapajani. Nilikuwa nalo neno mdomoni, limeshafika kwenye meno. Ningesema, shangazi, niliona dukani, nikakudanganya, angeninasa kibao, angenifukuza, angemwachia Damari ile kazi kwa hasira na angekwenda, nina hakika, alikuwa mtu wa kuondoka akikasirika. Njia ilikuwa wazi, watu wengine walikuwa wanapita na vitambaa vya kichwa wakielekea huko, wanatusalimia, "Mbukwa, Perisi, huji?" naye anawaitikia kwa furaha kama wanakwenda sokoni. Neno likarudi chini. Nikampangusa uso. Tukaenda chumbani.

Alifumua Alhamisi yote na Ijumaa yote, amekaa dirishani ili apate mwanga, na ule upepo wetu unaingia na vumbi lake. Ameinamisha uso mpaka pua inagusa kitambaa. Anafumua kwa sindano, uzi mmoja, uzi mmoja, anapangusa jicho kwa kiwiko, anaendelea. Ijumaa mchana jicho la kulia likaanza kutoa maji mazito. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Nipe hilo lingine." Tulishona naye, mimi na Damari. Yakanyooka kiasi. Si yote.

Jumamosi hakuweza kufumbua. Alibaki ndani ya tembe na kitambaa cha maji usoni, akanituma mimi na Damari na blanketi. Yule mama akaja na gari, hakuzima, akashusha kioo. "Limekwisha? Hongereni, wanangu. Weka huko nyuma." Dereva akalichukua likiwa limekunjwa hivyo hivyo, akaliweka juu ya gunia la karanga, wakaondoka. Tukasimama kwenye vumbi lao.

"Hata hajalifungua," Damari akasema.

Kisha, bila kunitazama: "Uliona dukani."

"Ndiyo."

"Kamwambie."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo."

Hakuniuliza tena maisha yake yote. Angeniuliza hata mara moja nadhani ningekuwa nimeshasema. Nilifika ndani, shangazi akauliza amesemaje, nikasema ameshukuru.

Gari la macho lilirudi mvua zilipokwisha, watu wameshavuna. Mpaka hapo nilikuwa nasema "ziko kumi, ziko kumi na mbili," na yeye hasemi tena habari ya mbingu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi la kulia. Mboni ilikuwa imefunikwa, nyeupe kama ganda la yai, mimi niliiona kila siku, nilikuwa nakataa tu kuiona. Akasema atazigeuza kope ili maumivu yaishe, lakini kuona, mama, tumechelewa. Shangazi akamshukuru. Akamuuliza ametokea wapi na kama amekula.

Tulirudi kwa miguu, yeye na bandeji, mkono wake begani kwangu. Halafu akasema, "Sechelela. Lile blanketi la ndege. Hukunieleza vizuri. Yule mama alipolifungua alifanyaje?"

Ule mkono ulikuwa mwepesi, lakini nilihisi kila kidole. Ningeweza kusema hakulifungua. Ningeweza kuanzia hapo nikarudi nyuma mpaka studio. Nikasema, "Alishika mdomo."

"Alishika mdomo?"

"Akasema hajawahi kuona kitu kama kile."

Nikasikia anacheka, kidogo kidogo, bega langu linatikisika. "Basi si bure," akasema. "Nilikuwa nawaza labda ni bure."

Nilikaa naye mpaka nilipoolewa mwaka uliofuata, na baadaye nilikuwa namtembelea, na yeye aliishi sana, Mungu alimpa miaka mingi gizani. Hakukaa hata siku moja amenuna. Kila mgeni aliyeingia alipewa kiti, akapewa togwa, na akasimuliwa jinsi macho yalivyokwenda kwenye blanketi la bibi harusi, na mama wa mjini alivyoshika mdomo, na mwaka hadi mwaka yule mama aliongezeka, akalia, akamwita dereva aje aone, akalipeleka kwa wakubwa. Mengine aliongeza yeye. Mengine niliongeza mimi, akinitazamia niongeze. Mgeni akiwa haamini, shangazi alikuwa anageuza uso, unakuja moja kwa moja mahali nilipokaa, hakosei, anasema, "Sechelela alikuwepo. Waambie, mwanangu, wewe uliona."

Na mimi nawaambia.